Tumbo Likijaa, Pumzi Inakwenda Wapi?

MASWALI YA WASOMAJI: LISHE NA KIFUA

Barua za safari hii zimetoka Tanga, mjini na pembezoni, na zote zinamhusu mtu wa namna moja: ana maradhi ya mapafu, na hali kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Si nyama, si samaki, si mayai, si maziwa, si samli. Wengine wameacha kwa imani, wengine kwa ushauri wa jirani, wengine bei ya sokoni ndiyo iliyowaachisha. Hatukusudii kumrudisha mtu kwenye nyama. Mimea inaweza kumtunza mgonjwa wa mapafu, ila ina mitego yake, na mtego mkubwa si ule unaotajwa barazani.

Shikamooni. Bibi yangu ana miaka 67 na amepikia kuni maisha yake yote. Kadi yake ya kliniki imeandikwa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Mwaka wa pili sasa hali vitu vya mnyama. Anaanza kula vizuri, akifika nusu ya sahani anahema na kuisukuma pembeni. Amebaki kilo 43. Majirani wanasema asiporudi kwenye supu ya kongoro ataisha. Ni kweli?
*Mjukuu, Chumbageni*

Marahaba, mjukuu. Supu ya kongoro ni maji mengi na mafuta kidogo juu. Isingemwongezea bibi kilo hata moja. Shida yake ni nafasi.

Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Mtu akivuta pumzi kiwambo hushuka, mapafu yakapata mahali pa kutanukia. Mwenye COPD hewa hunasa ndani, haitoki yote, kwa hiyo mapafu yamekwisha kuvimba na kukikandamiza kiwambo kikalala bapa. Sasa mjazie tumbo kwa sahani ya bada na mchicha: tumbo nalo linasukuma kutoka chini. Hana tena pa kuhemea. Ndiyo maana anasukuma sahani angali na njaa. Na wakati huohuo kupumua kwenyewe kunamla, kwani misuli ya kifua chake inafanya kazi ya sulubu mchana kutwa hata akiwa amekaa mkekani.

Chakula cha mimea kina maji mengi na nyuzi nyingi, kwa hiyo hujaza tumbo kabla hakijaushibisha mwili. Bada ndiyo mfano mbaya kuliko yote: ni wanga wa muhogo, protini yake ni ya kuhesabu kwa vidole. Mchicha wa kuchemsha ni mzuri, lakini bakuli zima halifikii kalori za kijiko kimoja cha mafuta.

Kabla ya kubadili jiko, mpelekeni akapimwe. Mwenye COPD akikonda tusidhani moja kwa moja ni chakula. Apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, maana magonjwa haya mawili huweza kukaa kifua kimoja, apimwe sukari, apimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu peke yake humfanya mtu ahemeke, na kwa asiyekula vitu vya mnyama ni jambo la kutazamia. Miguu ikiwa imevimba, semeni, kwa sababu maji ya miguuni huficha kilo zilizopotea.

Tuje kwenye hesabu. Mgonjwa wa mapafu aliyekonda huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na kalori kama 30 hadi 35 kwa kilo. Kwa bibi wa kilo 43 hizo ni gramu 52 hadi 65 za protini, na kalori 1,300 hadi 1,500 kwa siku. Akitakiwa kuongezeka, pandeni kidogo juu ya hapo. Hazipatikani kwa milo miwili mikubwa. Zinapatikana kwa milo mitano midogo, kila mmoja wa ukubwa wa kisosi kilichojaa, na kila mmoja umetiwa kitu kizito: karanga, ufuta, tui, parachichi, soya.

Siku yake inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi, kikombe cha uji wa soya na karanga (tutauelezea). Saa nne, nusu ya parachichi na kipande kidogo cha mkate. Saa saba mchana, kikombe cha chai cha wali wa nazi na kikombe kingine cha choroko nzito, pamoja na mboga vijiko viwili tu. Saa kumi, ndizi mbivu iliyopakwa siagi ya karanga. Saa moja usiku, kikombe cha mbaazi za nazi na nusu chapati. Hapo amepata karibu gramu 60 za protini bila kushika sahani iliyojaa hata mara moja. Mboga za majani mmezoea kuzifanya kilima. Kwake ziwe kando, na nafasi yao wapewe kunde, choroko na mbaazi.

Uji ndio unaobeba siku, basi tuushike vizuri. Unga wake ni vibaba vitatu vya mahindi na kibaba kimoja cha soya. Soya haisagwi mbichi: ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini, ndiyo maana wengi hulalamika kwamba uji wa soya umewaharisha. Zimimine kwenye maji ambayo tayari yanachemka, zichemke dakika 20, mwaga maji, fikicha maganda yatoke, anika mpaka zikauke kabisa, kisha kaanga kwa moto mdogo hadi zinukie. Ndipo zipelekwe mashineni. Karanga msizichanganye kwenye unga wa kuweka. Mafuta yake huchacha, tena karanga moja yenye ukungu huharibu debe zima. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na huko ilikuwa kwenye mahindi. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijanikijani au uchungu, itupwe, hata kuku asipewe.

Vuruga vijiko vinne vya chakula vya unga kwa maji baridi, mimina kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, koroga, acha uchemke dakika kumi. Epua, tia vijiko viwili vya siagi ya karanga na kijiko cha sukari. Hicho kikombe kina takriban gramu 14 za protini na kalori zinazokaribia 400. Kosa linalofanyika kila nyumba ni hili: uji ukipoa unaganda, mpikaji anaongeza maji, kikombe kimoja kinakuwa viwili, na bibi anashiba kwenye cha kwanza. Ukiganda, tieni kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi uji ukiwa na joto la kuvumilika kidoleni. Koroga, subiri dakika chache, utauona unalegea wenyewe bila tone la maji. Urudisheni jikoni uchemke tena ndipo anywe, kwa kuwa kimea hakikupikwa.

Akiwa hana hamu kabisa, kijiko cha mafuta ya alizeti au vijiko vitatu vinne vya tui zito juu ya chakula kilichokwisha kuiva huongeza kalori mia moja na ushei bila kuongeza ukubwa wa mlo. Nyama ya soya ya madukani nayo inafaa: gramu 50 kavu zina gramu 25 za protini na huiva kwa dakika kumi. Haina mafuta, kwa hiyo iungwe kwa tui. Kile kipakiti cha viungo kinachouzwa nayo kiacheni dukani, kimejaa chumvi.

Na ulaji wenyewe. Apumzike nusu saa kabla ya chakula. Asitoke kufua akaja kula. Akohoe na kutoa makohozi kwanza. Kama daktari amempa pampu ya salbutamol, apulize dakika 15 kabla ya mlo. Akae kwenye kiti, viwiko juu ya meza; kula chini mkekani kwa kujikunja ni kulibana tumbo. Maji anywe baina ya milo, wakati wa kula ni mafunda ya kulainishia tu. Mwenye mtungi wa oksijeni asiuvue mrija wa puani anapokula, kwani hapo ndipo anapouhitaji zaidi. Ila mtungi ukae mbali na moto, mshumaa na mvuta sigara. Akimaliza asilale kwa muda wa saa moja.

Mpimeni kila wiki, siku ileile, mizani ileile. Akipungua kilo mbili ndani ya mwezi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Nina pumu na sili vya mnyama. Maharage na kunde zinanijaza gesi mpaka nashindwa kuvuta pumzi usiku. Niziache?
*Msomaji, Mikanjuni*

Usiziache, maana ukiziacha hujabakiwa na protini ya maana. Gesi inatokana na aina ya sukari iliyomo kwenye maharage na kunde ambayo tumbo letu halina uwezo wa kuisaga; inateremka hadi utumbo mpana, na wadudu wa huko wanaichachusha. Sukari hiyo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo dawa yake ni maji.

Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Kwa joto la Tanga badilisha maji mara moja katikati, la sivyo yatachacha. Asubuhi mwaga, suuza, tia maji mapya. Chemsha kwa nguvu dakika kumi, mwaga tena, tia mengine, endelea mpaka yaive na kupondeka kwa ulimi. Yale yanayobaki magumu ndiyo yanayosumbua. Maharage mekundu hasa yasipikwe kwa moto wa kuvizia tangu mwanzo: yana sumu ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu tu.

Magadi, hapana. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na ni chumvi nyingine unayoiingiza mwilini bila kuionja. Ukiloweka vizuri hutayahitaji, na jiko litawaka kwa muda mfupi zaidi, jambo ambalo kwa mwenye pumu ni nusu ya faida yote. Moshi wa saa tatu za maharage makavu unakudhuru kuliko gesi yake.

Anza na choroko, halafu mbaazi zilizokobolewa, kunde baadaye, maharage mwisho. Robo kikombe kwa siku wiki ya kwanza, nusu kikombe wiki ya pili. Tumbo huzoea. Mlo wa kunde uwe wa mchana, usiku kula vyepesi. Soda acha kabisa. Huwezi kulalamikia gesi huku unainunua kwenye chupa.

Kama unakohoa ukilala hata siku ambazo hukula kunde, au unasikia kiungulia kikipanda kooni, huenda ni tindikali ya tumbo inayorudi juu, nayo huchochea pumu. Hilo ni la kumweleza daktari.

Niliacha maziwa kwa sababu naambiwa yanaongeza makohozi. Kila mara kifua kikinibana napewa prednisolone. Nimefanya vyema?
*Mama, Raskazone*

Maziwa hayaongezi makohozi. Yakichanganyika na mate huacha utando mzito kooni, mtu akadhani ni makohozi mapya. Ukiyaacha kwa sababu zako nyingine ni haki yako, ila fahamu kilichoondoka nayo.

Prednisolone inayotumiwa mara kwa mara hudhoofisha mifupa. Hapo ndipo kalisi inapohitajika, miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku kwa mwanamke aliyevuka miaka 50. Wengi hukimbilia mchicha. Mchicha una kalisi, lakini umeifunga. Mwili huambulia kidogo. Chainizi, sukuma wiki na majani ya figili huiachia kwa urahisi zaidi. Ufuta usiokobolewa una kalisi nyingi, vijiko viwili vya chakula vina kama miligramu 175, ingawa ganda lake nalo hushikilia sehemu yake. Uponde, kwani ufuta mzima hupita ulivyoingia. Hata ukijitahidi kwa vyakula hivi pekee huenda usifike, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kidonge cha kalisi cha miligramu 500, umeze pamoja na chakula, usikichanganye wakati mmoja na kidonge cha damu kwa sababu vinagombana.

Vitamini D tunaipata kwa jua la ngozini. Anayeshinda ndani, au anayetoka amejifunika mwili mzima, hata Tanga anaweza kupungukiwa. Kaa uani mikono na miguu ikiwa wazi, robo saa, siku nyingi za wiki.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: uliyeacha samaki, madini joto umeyapata wapi? Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo kutoka mashambani mwa chumvi mara nyingi haijatiwa. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, utumie kidogo, jumla isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Prednisolone hushika maji mwilini, na chumvi huongeza.

Na dawa hiyo usiikatishe ghafla ikiwa umeitumia kwa wiki kadhaa. Hupunguzwa hatua kwa hatua na aliyeiandika.

Mimi ni Rasta, nafanya kazi ya mkonge. Niko mwezi wa pili wa dozi ya TB. Nyayo zinawaka kama nimekanyaga pilipili, vidole vina ganzi. Ni dawa au ni kwa sababu sili nyama?
*Kijana, Muheza*

Inaweza kuwa yote mawili, na ndiyo sababu usikae nalo.

Ndani ya dozi yako mna isoniazid. Dawa hii huifukuza mwilini vitamini B6, na B6 ikipungua mishipa ya fahamu huanza kuumia kutoka nyayoni kupanda juu. Kinga yake ni kidonge cha pyridoxine, miligramu 10 hadi 25 kila siku. Ganzi ikishaanza, kliniki hupandisha kipimo. Nenda kwa muuguzi anayekupa dozi, mwambie maneno yaleyale uliyotuandikia. Usiache vidonge vya TB hata siku moja ukisubiri nyayo zipoe. Dozi ni miezi sita na ni bure. Ikikatizwa, vijidudu vinavyobaki ni vile sugu.

Upande wa pili ni vitamini B12. Hakuna mmea wowote unaoweza kuutegemea kwa B12. Si mwani wa pwani, si uyoga, si togwa, si mboga isiyooshwa kama wengine wanavyodai. Ini huweka akiba inayodumu miaka, kwa hiyo aliyeacha vya mnyama juzi hajisikii kitu. Wa miaka mitatu au minne ndiye anayeanza kuona ulimi laini unaouma, ganzi, kusahau, kuyumba gizani, na pumzi fupi kwa upungufu wa damu. Kinachochanganya ni kwamba mla mboga hupata folate tele, vitamini ya mboga za majani na kunde, nayo huweza kuificha dalili ya damu huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Kwa hiyo B12 si ya kubahatisha. Kila asiyekula vitu vya mnyama ameze mikrogramu 50 kwa siku, au 2,000 kwa wiki. Aliyekwisha kupata ganzi huanzishiwa sindano hospitali. Soma lebo: vidonge vingi vya B-komplex vya bei ndogo vina B1, B2 na nikotinamaidi, B12 hamna. Na vile vya "mishipa" vyenye B6 nyingi usijimezee tu kwa miezi, kwa kuwa B6 ikizidi nayo huleta ganzi ileile unayoikimbia.

Dozi ya asubuhi meza kwa maji matupu, saa moja kabla ya kula. Ikikuchefua, kula kitu kidogo, kipande cha muhogo kinatosha. Dawa za kiungulia usizimeze pamoja nayo. Mkojo wa rangi ya chungwa ni wa rifampicin, usikutishe. Macho ya manjano ndiyo ya kukimbilia kituoni siku hiyohiyo, na uoni ukififia au rangi nyekundu na kijani zikianza kukuchanganya, hivyohivyo. Mizizi na majani ya "kusafisha mapafu" yaweke kando mpaka dozi iishe, ini lako tayari lina kazi. Bangi na sigara pia, bila maneno mengi.

Uzito wako hukuutaja. Mgonjwa wa TB anayepona huongezeka, na ukipimwa mwezi huu bila kuongezeka, mwulize muuguzi kwa nini. Karanga za kuchemsha, bajia za kunde, wali na mbaazi: kula mara nne tano. Muheza mna machungwa na mafenesi, basi kamulia ndimu au kula chungwa pamoja na kunde zako, madini ya chuma yataingia vizuri. Chai isubiri saa moja baada ya mlo.

Vumbi la brashi, pale singa zinaposuguliwa, lisikuguse mpaka upone. Omba kazi ya shambani au kwenye korona, mashine ya kukamulia majani ya mkonge, ambako majani yangali mabichi na vumbi ni dogo.

Nina kifua cha siku nyingi, natumia aminophylline. Barazani nakunywa kahawa vikombe sita au saba. Vijana wangu wanasema inanidhuru, mimi naona inanifungua.
*Mzee, Ngamiani*

Shikamoo, mzee. Mna ukweli nyote. Kahawa hufungua njia za hewa kidogo, maana dawa iliyomo ni ndugu wa aminophylline. Undugu huo ndio unaoleta taabu: mkizikusanya pamoja moyo hudunda, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, tumbo huchafuka. Shukeni hadi vikombe viwili, si kwa siku moja bali kwa wiki mbili, msije mkaumwa kichwa. Na moyo ukienda mbio, kutapika au kuona mawenge, ni dalili dawa imezidi, hospitali. Mkibanwa, kahawa haishiki nafasi ya pampu.

Kashata inayosindikiza kahawa, sisi tunaitetea. Kwa mzee aliyekonda asiyekula vya mnyama, kashata mbili za karanga ni mlo mdogo kamili, ilimradi sukari ya damu imepimwa na iko sawa.

Mama ana COPD na hali nyama. Ramadhani amesema atafunga. Futari yetu ni ya mimea karibu yote, tuipange vipi?
*Dada, Duga*

Mgonjwa ameruhusiwa na dini kufungua, na suala la pampu kama inafunguza masheikh wana maelezo yao. Muulizeni wenu mapema. Upande wa kifua tunasema hivi: anayetumia oksijeni, aliyelazwa miezi ya karibuni, au aliyekonda sana, asifunge. Wengine wakutane na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu pampu za kinga za mara mbili kwa siku huweza kupangwa magharibi na daku. Pampu ya kubanwa haisubiri adhana.

Futari ya Tanga kasoro yake ni mkusanyiko: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, bajia, uji, vyote kwa mpigo, tumbo likakaza kama ngoma. Mgawieni. Adhana ikilia: tende tatu, maji kidogo, kikombe cha uji wa karanga. Aswali. Nusu saa baadaye: kikombe cha kunde au mbaazi za nazi na vipande viwili vya muhogo. Baada ya tarawehe: wali na choroko, kisosi kimoja. Daku isirukwe, na iwe na karanga au parachichi. Maji ayanywe kidogokidogo usiku kucha, makohozi yawe mepesi.

Bajia mkaangie nje, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Mafuta yakianza kutoa moshi, yeye asiwepo hapo. Jiko la mkaa lisiletwe chumbani kupashia daku.

Tangu nianze pampu ya kinga chakula hakina ladha, ulimi una utando mweupe, nikimeza kunachoma. Nimeacha ndimu na pilipili, sasa hata kunde zinanishinda.
*Mama mkwe, Kisosora*

Pole, mama. Hao ni fangasi wa kinywani, wanaletwa na dawa inayobaki ulimini na kooni. Pampu usiiache. Kila baada ya kuvuta, sukutua kwa maji mpaka kooni, tema, rudia. Bora zaidi vuta kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako kwa kiasi cha mdomo wa pampu, chomeka pampu hapo, weka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, minya mara moja, vuta taratibu. Dawa nzito inabaki kwenye kuta za chupa badala ya kinywani mwako.

Kituo cha afya watakupa dawa ya maji ya nystatin. Izungushe kinywani kabla ya kumeza, mara nne kwa siku, baada ya kula na si kabla. Kwa siku hizo kunde zisagwe ziwe supu nzito ya vuguvugu yenye tui, parachichi lipondwe, uji upoe. Meno ya bandia, kama unayo, yavuliwe usiku, yapigwe mswaki na kulowekwa, kwa kuwa fangasi hujificha humo na kurudi wiki ileile dawa inapokwisha.